Melanoma Inayojificha Katika Sura ya Doa la Kawaida

Karibu kila mtu mzima ana madoa meusi au ya kahawia mwilini mwake. Mengine alizaliwa nayo. Mengi zaidi yaliota utotoni na ujanani. Takriban yote hayana neno, na mwenye nayo huzeeka nayo bila kuhitaji tabibu. Melanoma, ambayo ni saratani ya seli zilezile zinazotengeneza rangi ya ngozi, ni ugonjwa wa nadra katika nchi zetu. Hata hivyo, ikishazama ndani ya ngozi na kuingia katika mishipa ya limfu, huweza kufika kwenye mapafu, ini na ubongo, na kuua. Baina ya doa lisilo na madhara na saratani ya namna hiyo, shahidi mkuu ni hadubini.

Mara nyingi ushahidi huo ni wa wazi. Mtaalamu wa patholojia hutazama kioo kwa dakika chache, akaandika jibu lake bila wasiwasi. Lakini zipo melanoma chache ambazo hata chini ya hadubini huvaa sura ya doa la kawaida. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na msemo huo unazifaa sana saratani hizi. Makala haya yanaeleza namna tunavyozitambua, na kwa nini utambuzi huo hutegemea mambo yaliyofanyika kabla kinyama hakijafika maabara. Hoja yake kuu ni moja: melanoma yenye kudanganya huwa nzuri juu na hujifichua chini. Kinyama kilichokatwa bila sehemu yake ya chini kimeacha ushahidi mwilini mwa mgonjwa.

Doa la kawaida na namna linavyopevuka

Seli zinazotengeneza rangi huitwa melanosaiti. Makao yao ni tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu, ambako hukaa mojamoja, takriban melanosaiti moja kwa kila seli kumi za tabaka hilo. Idadi yao haitofautiani sana baina ya mtu mweusi na mweupe. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya rangi wanayoitengeneza, yaani melanini, na jinsi inavyosambazwa katika seli jirani.

Doa la kawaida, ambalo kitaalamu huitwa nevasi, hutokea seli za jamii hii zinapoongezeka na kujikusanya katika vikundi vya mviringo tunavyoviita viota. Mwanzoni viota hukaa kwenye mpaka wa ngozi ya juu na ngozi ya ndani. Kadiri miaka inavyopita, seli hushuka katika ngozi ya ndani. Ndiyo maana doa lililokuwa bapa na jeusi utotoni huweza kuwa kijivimbe laini chenye rangi hafifu uzeeni.

Katika kushuka huko, seli za nevasi hupevuka. Zilizo juu huwa kubwa, za mviringo, mara nyingi zimebeba melanini, nazo zimo ndani ya viota. Zilizo katikati huwa ndogo zaidi, zenye kufanana na limfosaiti za damu. Zilizo chini kabisa huwa nyembamba na ndefu, zikifanana na seli za mishipa ya fahamu, na hutawanyika mojamoja katikati ya nyuzi za ngozi bila kuzisukuma. Seli hizo za chini zimetulia. Ni nadra mno kuona hata moja inayogawanyika.

Ili tuyaone hayo, kinyama hukatwa vipande vyembamba vya unene wa mikromita 3 hadi 5, kisha hutiwa rangi ya hematoksilini, inayovipa viini vya seli buluu ya zambarau, na eosini, inayozipa sehemu nyingine rangi ya waridi. Kwanza tunatazama kwa lenzi ndogo ili tuone umbo zima: je, upande wa kulia unafanana na wa kushoto? Je, kingo zinakoma mahali palipo dhahiri? Je, viota vinalingana ukubwa? Baada ya hapo tunaingia kwa lenzi kubwa na kutazama seli mojamoja.

Melanoma ya kawaida hushindwa mtihani huo mapema. Umbo lake halilingani, kingo zake hufifia bila mpaka, viota vyake vinatofautiana ukubwa na vingine vimeungana, na seli zake hupanda hadi matabaka ya juu ya ngozi zikiwa zimetawanyika ovyo.

Mdanganyifu hujifichua chini

Mwaka 1985 Schmoeckel na wenzake walieleza kundi la melanoma zilizofanana mno na nevasi, na jina walilolipa, melanoma ya sura ya nevasi, limebaki hadi leo. Ni vivimbe vidogo, mara nyingi vyenye umbo la kuba au vyenye mikunjo kama chunjua. Kwa lenzi ndogo upande mmoja unalingana na mwingine. Seli hazijapanda juu kwa fujo, wala ukubwa wake haustui. Mtazamaji mwenye haraka atasema, “Nevasi ya ngozi ya ndani,” na mgonjwa ataambiwa aende nyumbani kwa amani.

Kinachoisaliti melanoma hii ni sehemu yake ya chini. Tukishuka kwa lenzi kubwa kutoka juu hadi kwenye kina, hatuoni upevukaji wa kweli. Pengine seli za chini zimepungua kidogo ukubwa, lakini viini vyake bado ni vyeusi na vya maumbo yasiyolingana, na vingine vina viinidogo vilivyo dhahiri. Badala ya kutawanyika mojamoja, seli zimesongamana kwa mkupuo au zimebaki katika viota hadi chini kabisa. La kutilia maanani zaidi, baadhi zinagawanyika hukohuko kwenye kina, mahali ambapo seli za nevasi zilipaswa kuwa zimetulia.

Hapa hekima inahitajika. Seli moja inayogawanyika, tena karibu na uso wa ngozi, haitoshi kulihukumu doa. Nevasi za vijana na za wajawazito huweza kuwa na seli kama hizo. Seli kadhaa zinazogawanyika, zikiwa kwenye kina au zimekaribiana, au zikigawanyika kwa maumbo yasiyo ya kawaida, hizo ni kengele ya hatari. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake. Zote huwekwa kwenye mizani pamoja.

Zipo hila nyingine. Melanoma yenye nyuzi nyingi hufanana na kovu: seli chache nyembamba ndani ya nyuzi ngumu, mara nyingi bila melanini hata chembe. Melanoma isiyo na rangi humpotosha tabibu kabla haijampotosha mwanapatholojia, kwa kuwa machoni huonekana kama kidonda chekundu au kinyama kilichoota baada ya jeraha.

Madoa mema yanayosingiziwa

Udanganyifu una upande wa pili, nao pia una gharama. Mtu asiye na saratani akiambiwa anayo, hukatwa sehemu kubwa ya ngozi na huishi na hofu isiyo na sababu.

Mfano ulio maarufu ni ule wa daktari Sophie Spitz wa New York, ambaye mwaka 1948 alichapisha maelezo ya vivimbe vya watoto alivyoviita melanoma za utotoni. Chini ya hadubini vilikuwa na seli kubwa za kutisha, lakini wengi wa watoto wale walikuwa wakiendelea vizuri. Baadaye ilibainika kwamba kwa sehemu kubwa havikuwa saratani, na leo nevasi ya aina hiyo hubeba jina lake. Somo lake ni kwamba umri wa mgonjwa ni sehemu ya utambuzi. Seli zilezile kwa mtoto wa miaka 6 na kwa mzee wa miaka 60 hazisomwi kwa namna moja.

Mfano wa pili ni nevasi iliyokatwa nusunusu. Doa likikwanguliwa kwa wembe au kuchomwa, seli zilizobaki huota upya juu ya kovu kwa fujo inayofanana sana na melanoma. Ikiwa aliyekata mara ya pili hakuandika kwamba doa lilishawahi kukatwa, anampeleka mwanapatholojia mtegoni.

Mfano wa tatu unatuhusu moja kwa moja, kwa sababu ni wa unyayo na kiganja. Nevasi za sehemu hizo huweza kuwa na seli zinazopanda juu hata kama ni njema kabisa. Ngozi ya hapo pia ina mistari, na kinyama kinapaswa kukatwa maabara kwa kuikingama mistari hiyo. Kikikatwa kwa kuifuata, nevasi njema huonekana yenye vurugu. Bila kuambiwa kinyama kimetoka unyayoni, fundi wa maabara hawezi kujua kwamba anapaswa kukipanga hivyo.

Rangi za kingamwili zinasaidia, lakini hazihukumu

Shaka ikibaki, maabara zenye uwezo hutumia rangi za kingamwili, ambazo huonyesha protini fulani ndani ya seli. Ki-67 huonyesha seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika. Katika nevasi kwa kawaida huwa chini ya 5 kati ya kila 100, tena ziko juu. Katika melanoma huwa nyingi zaidi na huonekana hata kwenye kina. HMB-45 huwaka juu ya nevasi na kufifia kadiri tunavyoshuka, ilhali katika melanoma mara nyingi huwaka kwa mabaka hadi chini. Protini p16 hupotea katika melanoma nyingi. PRAME, iliyoingia katika matumizi miaka ya karibuni, huenea katika karibu seli zote za melanoma nyingi na hukosekana katika nevasi nyingi.

Msomaji ataona kwamba mbili za kwanza kati ya rangi hizo zinauliza swali lilelile: kuna nini chini? Aidha, kila moja ina udhaifu wake. Nevasi ya buluu, ambayo ni njema, huwaka HMB-45 kotekote. Melanoma yenye nyuzi mara nyingi haiwaki PRAME. Hata vipimo vya jeni vina mipaka yake: badiliko la jeni ya BRAF, linalojulikana sana kwa melanoma, lilionekana mwaka 2003 kuwamo pia katika takriban nevasi 8 kati ya 10 zilizopimwa.

Kwa ngozi nyeusi kuna tahadhari ya ziada. Melanini ni ya kahawia, na rangi ya kingamwili inayotumika sana ni ya kahawia pia. Moja huweza kudhaniwa kuwa nyingine. Dawa yake ni kutumia rangi nyekundu badala ya kahawia, au kuondoa melanini kwanza.

Pamoja na zana zote hizo, yapo madoa ambayo wataalamu hawakubaliani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la BMJ uliwashirikisha wanapatholojia 187 wa Marekani, waliosoma vioo vya madoa 240. Kwa madoa ya kawaida kabisa na kwa melanoma zilizokomaa walikubaliana vizuri. Kwa madoa ya daraja za kati, usahihi wao ulikuwa chini ya nusu. Kwa hiyo ripoti inayosema “asili ya doa hili haina uhakika, liondolewe lote na vioo visomwe na mtaalamu wa pili” si ripoti ya mtu asiyejua kazi. Ni ripoti ya ukweli, na inapaswa kutekelezwa.

Unyayo, mahali tunaposahau kutazama

Kwa watu weupe, melanoma nyingi huhusiana na jua. Kwa Waafrika weusi hali ni tofauti: sehemu kubwa ya melanoma hutokea miguuni, hasa unyayoni, mahali ambapo jua halifiki. Hutokea pia viganjani na chini ya kucha. Ndiyo aina iliyompata mwanamuziki Bob Marley katika kidole cha mguu. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira, ikatambuliwa mwaka 1977, na akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Aina hii nayo hudanganya. Hatua zake za mwanzo chini ya hadubini ni melanosaiti chache tu zilizoongezeka kwenye mstari wa chini wa ngozi ya juu, mojamoja, zikiwa na viini vilivyobadilika kidogo. Kinyama kidogo kilichonyofolewa pembezoni mwa doa pana huweza kuonekana karibu sawa na ngozi ya kawaida, ilhali katikati ya doa hilohilo saratani imeshazama.

Huku nje, kwa macho, doa hilo hudhaniwa kuwa sugu, chunjua, fangasi, alama ya funza, au kidonda cha kujikwaa. Mgonjwa hupewa dawa ya kupaka, kisha nyingine, hadi siku anapokuja na mtoki uliovimba kwenye kinena.

Kwa anayekata na kutuma kinyama

Mhudumu wa afya mwenye kisu mkononi ndiye anayeamua kama mdanganyifu atatambuliwa. Panapowezekana, doa linalotiliwa shaka liondolewe lote, likiwa na ngozi ya kawaida ya milimita 1 hadi 3 pembeni, na kina kifike kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Likiwa kubwa mno au liko mahali pagumu kama unyayo, kinyama kichukuliwe kwenye sehemu nene au nyeusi zaidi, kwa kina kamili, na ikibidi vichukuliwe zaidi ya kimoja. Doa lenye shaka lisikwanguliwe juujuu wala kuchomwa kwa umeme.

Kina kina kazi nyingine pia. Mwaka 1970 daktari Alexander Breslow alionyesha kwamba unene wa melanoma, unaopimwa kwa milimita kutoka juu hadi seli iliyo chini kabisa, ndio unaobashiri hatima ya mgonjwa. Yenye unene usiozidi milimita 1 huponywa mara nyingi kwa upasuaji pekee. Iliyozidi milimita 4 ina hatari kubwa ya kusambaa. Kipimo hicho pia huamua ukubwa wa upasuaji wa pili: kwa kawaida sentimita 1 ya ngozi pembeni kwa melanoma isiyozidi milimita 1, na sentimita 2 kwa ile iliyozidi milimita 2. Ikiwa kisu kilipita katikati ya saratani, unene wake halisi hatutaujua.

Kinyama kitiwe mara moja katika formalini ya asilimia 10, yenye ujazo usiopungua mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kisikauke juu ya shashi, wala kisiwekwe katika maji ya chumvi au spiriti kikisubiri usafiri. Seli zilizooza haziwezi kutuambia kama zilikuwa zinagawanyika.

Mwisho, fomu ya maombi ya kipimo ijazwe. Umri wa mgonjwa, mahali hasa doa lilipo, ukubwa wake, limekuwapo kwa muda gani, limebadilikaje, limewahi kukatwa, kuchomwa au kutiwa dawa za asili, na kama mgonjwa ni mjamzito. Fomu iliyoandikwa “kivimbe cha ngozi” na kuishia hapo humlazimisha msomaji wa kioo kuhukumu kesi bila kusikia mashahidi.

Kwa mgonjwa na jamaa zake

Huna haja ya kuliogopa kila doa. Litilie mashaka doa jipya linaloota ukubwani na kuendelea kukua, linalobadilika rangi au umbo, linalotoka damu bila kuumizwa, au lisilofanana na mengine mwilini mwako. Tazama nyayo zako na katikati ya vidole unapooga. Asiyeweza kuinama atazamiwe na mwenzake. Mstari mweusi kwenye ukucha ni jambo la kawaida kwa watu weusi, hasa ukiwa kwenye kucha kadhaa. Ulio kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, au uliosambaza weusi hadi kwenye ngozi inayozunguka ukucha, uonwe na daktari. Kidonda cha mguuni kisichopona baada ya wiki kadhaa za matibabu kipimwe, hata kama hakina rangi nyeusi.

Usilikate doa kwa wembe, usilichome, wala usilipake tindikali au dawa kali. Ukifanya hivyo, unaondoa sehemu ya juu na kuiacha ile ya chini.

Doa lako likikatwa hospitali, uliza kama kinyama kinapelekwa maabara, na rudi kuchukua majibu. Tunza ripoti na umbo lake lote, si muhtasari wa mdomo. Kama limetajwa neno melanoma, muulize daktari mambo matatu: unene wake ni milimita ngapi, je, limeondolewa lote, na je, tezi za kinena au kwapa zimechunguzwa. Kama umeambiwa doa ni la kawaida lakini linaota tena pale pale, rudi nalo pamoja na ile ripoti ya kwanza. Maabara huhifadhi vioo na vipande vya nta vyenye kinyama chako, na vinaweza kusomwa upya, vikilinganishwa na doa lililoota, na mtaalamu mwingine.